Chungu cha Ndoa na Padri Aliyekiogopa

Vijana wangu, mnapokuja kuniuliza habari za kazi yangu ya zamani, huwa mnaanza kwa kukohoa. Wasichana wanatazama kucha zao, wavulana wanatazama dari. Mnadhani bibi wa umri wangu atazimia akisikia neno kitanda. Mimi nimeishi kwa neno hilo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kwa hiyo acheni kukohoa, kaeni vizuri, na simu zenu zizimeni.

Nilikuwa nachimbusa. Ndivyo sisi Wabemba tunavyomwita mwanamke anayemfundisha bibi arusi mambo ya nyumba: namna ya kukaa na mume, na wakwe, na mwili wake mwenyewe, na Mungu. Mmenisikia: na Mungu pia. Hapo ndipo watu wengi wa dini walipogombana nami, na hapo ndipo kazi yangu yote ilipokuwa.

Chombo kikubwa cha kazi hiyo ni chungu kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Mke na mume wakishalala pamoja, miili yao ina moto. Si uchafu, msinielewe vibaya, ni nguvu. Mwenye moto huo hagusi jiko wala hawaombi wazee waliotutangulia mpaka anawe. Basi chungu kinatiwa maji, kinapashwa kidogo juu ya makaa, na wawili hao wanamwagiana mikononi. Ni wao tu wanaoweza kusafishana. Wasiponawa, mtoto mchanga wa nyumba ile anashikwa na kifua.

Aliyenifundisha ni Kambo Mwansa, yaani Bibi Mwansa, mdogo wake bibi yangu. Alikuwa mwembamba, mkali, na alivuta tumbaku yake akiwa ameingiza upande wa moto mdomoni. Siku moja nikamuuliza kama Mungu kweli anajishughulisha na mambo ya chumbani.

“Mungu anaangaria na ku kitanda,” akanijibu. “Kama haangarie, batoto banatoka wapi?”

Kosa langu la kwanza lilikuwa la udongo. Nilitaka kumwonyesha Kambo kwamba ninaweza peke yangu, nikaenda kuchota karibu na yale madampo ambako mabaki ya madini yanamwagwa. Udongo wa pale ulikuwa laini, wa kijivu, unakandika kama unga wa mandazi. Nikafinyanga vyungu vitatu vizuri kweli. Viwili vikapasukia motoni. Cha tatu kikasubiri, kikanitunzia aibu: kilipasukia mikononi mwa bibi arusi siku ya tatu ya ndoa, na mama mkwe akapiga kelele mtaa mzima ukaja, akisema ndoa imelaaniwa. Nilikaa pale kuanzia asubuhi mpaka jua linashuka nikieleza kwamba aliyelaaniwa ni mimi na uvivu wangu.

Kwa hiyo shikeni hili, hata kama hamtafinyanga kitu maishani. Udongo unachotwa mtoni, mbali na kiwanda. Unachanganya na vigae vya chungu cha zamani vilivyosagwa. Unakausha kivulini, hata kama una haraka. Kikishaungua unakigonga kwa ukucha: kikilia vizuri ni kizima, kikijibu kama mtu mwenye mafua kitupe.

Kosa la pili lilikuwa la ukuta. Nyumba za kampuni ya mgodi kule Kapata, mtaa wa Kolwezi, zimepangwa safu kwa safu, na nyingine zilishikana mgongo. Nilimfundisha msichana mmoja usiku wa kuamkia arusi, tukaimba nyimbo zetu zote, hata zile ambazo masikio ya wanaume hayaruhusiwi kuzisikia. Upande wa pili wa ukuta alikuwa amelala fundi wa mashine. Kesho yake timu nzima iliteremka mgodini ikiimba wimbo wangu, sehemu ya kinu na mchi, kwa sauti tatu. Mume wangu, ambaye alikuwa katika timu hiyohiyo, hakusema nami siku mbili. Tangu hapo nilifundisha redio ikiwa imefunguliwa kwa nguvu.

Sasa tuje kwenye dini, maana ndiyo mliyoijia.

Kambo alipokuwa msichana, wamisionari walipita nyumba kwa nyumba kukusanya sanamu zetu za udongo za kufundishia: nyoka, nyumba, mamba, mwanamke mwenye mimba. Wakazichoma moto mbele ya kanisa. Wazungu hawa walichoma udongo, mnaona? Udongo ukichomwa unakuwa mgumu zaidi. Wamama waliziokota majivuni baadaye, imara kuliko zamani.

Halafu wakaja masista na ubao na chaki, kufundisha ndoa ya Kikristo. Sista alichora duara, akaandika siku ishirini na nane, akaeleza siku za kukaribiana na siku za kukaa mbali. Alieleza vizuri, na mimi mengine nimeyatumia. Lakini Kambo, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma, akanyoosha mkono.

“Masela,” akamwita sista, “weye mwenyewe ulishajaribu?”

Sista akawa mwekundu. Darasa lilifungwa mapema siku hiyo, na Kambo akakatazwa kupokea komunyo kwa muda ambao hakuwahi kuutaja bila kujivuna.

Kuna jambo moja naona haya kidogo kulisema. Nilipokuwa mtoto nilimwona padri, Mupe kama tunavyomwita, kwenye Misa, kabla ya kushika hostia, katekista anammwagia maji vidoleni. Nilishtuka. Nikamvuta Kambo kitenge, nikamnong’oneza: kumbe Mupe ana muke! Kambo akatazama, akafikiri, akaona kweli haiwezi kuwa jambo lingine. Mtu ananawa kabla ya kugusa kitu kitakatifu. Ananawa nini kama hana mke? Habari ikaenea kwa wamama wote wa Kibemba. Kwa miaka mingi tulimheshimu padri kwa usafi wake, na tulimhurumia yule mwanamke aliyefichwa. Tulibishana tu ni nani. Wengi walimshuku mpishi.

Nilibaki na imani hiyo mpaka nikawa nachimbusa mwenyewe, mpaka alipokuja padri mpya, Mupe Célestin. Alikuwa Mkasai, mtu wa jimbo la mbali la Kasai, mrefu, mwenye sauti ya kujaza kanisa bila mikro. Hakuwa amefungua hata masanduku yake alipopata habari zangu, akaniita ofisini.

“Mama Odile, nasikia unapana bachungu ya fetishi, ya uchawi, ku babibi arusi.”

“Mupe, si fetishi. Ni ya kunawa.”

“Kunawa nini?”

“Ile yenye weye unanawaka ku altare.”

Alinitazama. Nami, kwa nia njema kabisa, nikamwambia asiogope, kwamba sisi wamama tunajua na hatujamlaumu, na kwamba mkewe anaweza kuja kwangu akitaka mashauri. Vijana wangu, yule mtu alikohoa kuliko ninyi.

Alipopata pumzi alinieleza. Akafungua Biblia kwenye kitabu cha Walawi, akanisomea kwamba mtu akilala na mkewe wote wawili waoge, na watakuwa najisi mpaka jioni. Akanisomea habari za watu wa Musa walioambiwa wasiwakaribie wake zao siku tatu kabla ya Mungu kushuka mlimani. Akasema makuhani wa zamani walinawa mikono na miguu kabla ya altare, na ule unawaji wake wa Misa ni kumwomba Mungu amsafishe moyo. Hakuna mwanamke ndani yake. Alifikiri ananishinda. Mimi nilikuwa ninafurahi tu.

“Kumbe batu ya Musa na bo balikuwa na chungu!”

“Haiko chungu, mama!”

“Maji balitia mu nini?”

Akafunua tena kurasa: makuhani walikuwa na birika la shaba, lakini la mke na mume kitabu hakisemi. Nilipotoka pale nilipitia soko la Manika kwa Mama Salima, Mwislamu aliyekuwa akiuza vitenge, nikamsimulia. Akacheka mpaka akashika meza. “Shiye tunaoga mwili muzima,” akasema, “ndiyo tunasali. Mikono tu? Munaonea maji huruma.” Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba watu wa Mungu wote wameujua huu moto. Wengine wameukimbia, wengine wameuwekea sheria, wengine wameuimbia. Sikuona hata dini moja iliyosema ni kitu kidogo. Walichogombania ni maji ya nani.

Nilirudi kwa Mupe mara nyingine na swali. Kama yeye hana mke, ule moto wake anaupeleka wapi? Akasema ameutoa kwa Mungu. Nikamwambia basi ni kazi ya Mungu kummwagia maji mikononi, asimwachie katekista peke yake. Akacheka, mara ya kwanza. Lakini hakulegea: kila mwaka kabla ya majira ya arusi alihubiri juu ya vyungu, na kila mwaka watu waligeuza shingo kunitazama. Nilivaa kitenge kizuri siku hizo.

Hayo yalikuwa maneno ya kuchekesha, na nimeyasimulia kwa furaha. Sasa nitasema la Bibiane, na hili halikuwa mchezo.

Bibiane alikuwa binti wa Tata Kaumba, yaani Baba Kaumba, jirani yetu pale Kapata. Marehemu mama yake alikuwa Mbemba, wa ukoo wangu, ndiyo maana nilimfundisha mimi na kumpa chungu mimi. Aliolewa na Placide, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole, anafuta chaki kwenye suruali. Wazazi wa Placide walitoka Kasai. Yeye alizaliwa Kolwezi, hakuwahi kuiona Kasai hata kwa picha. Siku ya arusi Tata Kaumba alicheza mpaka kiatu kikamtoka.

Halafu kazi ilikufa. Kampuni ilianza kukosa vyuma vya mashine, ikakosa mishahara, na unga tuliokuwa tunagawiwa ukaisha. Watu wenye njaa wakaambiwa na wanasiasa kwamba wanaowala ni majirani zao waliotoka Kasai. Mwanzo wa miaka ya tisini ukawa wimbo mmoja tu: Bakasai barudie kwabo. Waliitwa wadudu. Vijana wenye fimbo walipita mitaani, watu tuliowajua, watoto wa watu. Nyumba ya Placide ilivunjwa mlango. Yeye akakimbilia stesheni, ambako maelfu walikuwa wanangoja treni, na Tata Kaumba akamchukua binti yake kwa nguvu, akamrudisha nyumbani.

Siku tatu baadaye alikuja kwangu, mchana, kofia mkononi.

“Mama Odile, kuya uvunje chungu.”

Kwetu ndivyo ndoa inavyokufa. Nachimbusa aliyetoa chungu anakivunja mbele ya mashahidi, na mwanamke si mke wa mtu tena. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mbili maishani, kwa wanaume waliopiga.

“Placide amekufanya nini?”

“Hakuna kitu. Bale ba fimbo balinipitia jana. Banasema kama nyumba yenye inachunga muke ya Mukasai itaungua.” Akaizungusha kofia mikononi. “Niko na batoto bengine wane, mama.”

Sitaki mumchukie Tata Kaumba. Hakuwa mbaya; alikuwa na hofu, na hofu ile sote tulikuwa nayo. Nilikwenda naye. Bibiane alikuwa ameketi kwenye mkeka, chungu kimefungwa kwenye kitambaa mapajani. Hakulia. Alinitazama tu, kama anayengoja kuona mimi ni mwalimu wa namna gani. Nilijua sheria: baba akidai, na mume hayupo kujibu, mimi lazima nivunje. Na kama ningekataa, angeitwa nachimbusa mwingine akivunje.

Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

“Chungu hakivunjwake na mikono mikavu,” nikasema. “Lazima bote wawili banawe mara ya mwisho, bwana na muke. Kama hapana, moto yabo itabakia mu nyumba yako, na wale batoto wane batakufa na kifua.”

“Nani alisema vile?”

“Kambo Mwansa.”

“Kambo alishakufa!”

“Umuulize basi.”

Sheria hiyo haikuwepo. Niliitunga pale pale, nimesimama. Tata Kaumba hakuwa mjinga, alinusa. Akasema tutakwenda stesheni, sawa, lakini ataniulizia kwa Mupe, maana Mupe hawezi kuwatetea wachawi. Nilikubali kwa kichwa, na moyoni nikajua nimekwisha. Mupe Célestin naye alikuwa Mkasai. Alikuwa hukohuko stesheni na sanduku lake.

Tulikwenda kwa miguu, sisi watatu. Sijui kama wazazi wenu wamewaeleza stesheni ile ilivyokuwa. Watu walilala kando ya reli chini ya mashuka na mabati, na vyerehani vyao, magodoro, milango waliyoing’oa kwenye nyumba zao. Watoto walikohoa kila upande. Placide alikuwa ameketi juu ya mfuko wa vitabu. Alipomwona Bibiane aliinuka, halafu akamwona baba mkwe wake, akabaki amesimama hapohapo. Niliona uchungu ambao sina namna ya kuusimulia.

Mupe alikuwa anagawa maji kwa wagonjwa, kanzu imejaa vumbi. Tata Kaumba akamwendea moja kwa moja.

“Mupe, uniambie kweli. Mama Odile anasema kama chungu haiwezi kuvunjika mpaka banawe bote wawili kwanza. Ni kweli, ao ananidanganya?”

Mupe akanitazama. Miaka yote ya vita yetu ilikuwa ndani ya jicho lile: mahubiri, fetishi, kitenge changu kizuri. Kisha akamtazama Bibiane na kile kitambaa alichokikumbatia.

“Ni kweli,” akasema kwa sauti yake ile ya kanisa, watu wakageuka. “Ni sheria ya zamani sana. Hata batu ya Musa balikuwa na chungu.”

Wamama wa Kikasai walielewa bila kuelezwa. Kwao pia kitanda kina sheria zake. Walishika vitenge wakazunguka, wakafanya chumba katikati ya stesheni. Bibiane na Placide waliingia na maji ya vuguvugu kutoka jiko la mtu. Hatukuona kitu. Tulisikia maji yanamwagika kidogo, na Placide analia, na Bibiane anamwambia kitu kwa sauti ya chini. Mimi nilisimama nje nikiwaza kwamba watakapotoka nitakuwa sina uongo mwingine.

Walitoka. Nikanyoosha mikono nipokee chungu. Bibiane akanipita. Akaenda mbele ya baba yake, akapiga goti, akafungua kitambaa, na akamwekea chungu mikononi.

“Tata, vunja weye mwenyewe. Mama Odile asikusaidie.”

Hapo lazima niwaeleze ukubwa wa jambo hilo. Baba hapaswi hata kukiona chungu cha binti yake. Kukigusa ni kama kuingia chumbani mwao. Sikumfundisha Bibiane kufanya hivyo, na hakuna nachimbusa duniani angemfundisha. Tata Kaumba aligeuka kama aliyepewa kaa la moto. Hawezi kukitupa, kwa sababu kikianguka ni yeye aliyeua ndoa, kwa mikono yake, mbele ya watu wote hao. Hawezi kukishika. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akitafuta mtu wa kumpa. Nilirudisha mikono yangu nyuma. Mupe akarudisha yake. Mama mmoja alianza kucheka, halafu akanyamaza, kwa sababu Tata Kaumba alikuwa analia.

Akamwendea Placide.

“Kamata,” akasema. “Ni muke yako. Mi sikuone kitu leo.”

Placide alipokea kwa mikono miwili. Tata Kaumba alivua koti lake, akamvika binti yake, ingawa kulikuwa na jua kali, na akaondoka bila kugeuka. Nyumba yake haikuungua. Aliwaambia wale vijana wenye fimbo kwamba binti yake amekwenda, na ilikuwa kweli.

Treni ilikuja siku nne baadaye. Nilikwenda kuwaaga, na nikamkuta Mupe Célestin anapandisha sanduku lake. Moyo ulikuwa unanisumbua, nikamwambia.

“Mupe, nilidanganya. Ile sheria haiko.”

“Najua. Walawi yote nilisoma, haiko.”

“Uniungamishe basi, mbele ya kuenda.”

Akafikiri, mguu mmoja juu ya ngazi ya behewa.

“Haiwezekane, mama. Ile zambi tulifanya wawili. Mi nitatafuta padri wangu kule, weye tafuta wako hapa.”

Sikumwona tena. Bibiane aliniandikia baadaye kwamba wamefika, wana watoto, na chungu kipo. Mapadri wengine wamekuja hapa na wamekwenda, wengine wakali, wengine wapole, na kila mwaka kabla ya Pasaka ninapiga magoti na kuungama yote niliyo nayo, isipokuwa hiyo. Hiyo bado sijaanza kuijutia.